Kabla ya Kulipandisha Gari la Spoti la Zamani kwenye Daino

Fundi wa daino, ile mashine ya rola inayopima nguvu ya gari, hatengenezi gari. Anachofanya ni kusoma injini inavyovuta hewa, inavyochoma mafuta na inavyosukuma magurudumu siku hiyo, kisha anaandika kwenye kompyuta ya injini namba zinazoendana na hali aliyoikuta. Akikuta injekta (vimwagio vya mafuta vya injini) zimeziba nusu, au mpira wa hewa una ufa, namba zitafidia ubovu huo. Siku utakayoweka injekta mpya gari litaanza kumwagiwa mafuta kuliko linavyohitaji, na itabidi ulipie kazi ileile tena. Kwa gari la miaka ishirini au thelathini, maandalizi ndiyo kazi kubwa. Nayaeleza hapa kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata, na mengine nitayapita haraka kwa sababu hayana mengi.

Anza na matarajio, maana hayo ndiyo huwagombanisha watu na mafundi wao. Gari ambalo bado liko kama lilivyotoka kiwandani, tena lisilo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), haliongezeki sana kwa kubadilisha namba peke yake. Utapata nguvu za farasi chache kule juu, torki (nguvu ya kuzungusha) iliyotulia zaidi katikati, na resi inayoitika vizuri. Lenye tabo lina nafasi kubwa zaidi kwa sababu msukumo wa hewa nao unaweza kuongezwa, lakini hapo ndipo pistoni na gaskiti za umri huo zinapoanza kupata tabu.

Namba ya nguvu iliyo kwenye kitabu nayo usiifanye msahafu. Kati ya 1989 na 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya farasi 280 kwa magari ya soko la kwao, na baadhi ya magari hayo yalitoa zaidi. Kinyume chake, Mazda iliitangaza MX-5 ya 2001 huko Marekani kuwa na farasi 155, ikaja kushusha namba hadi 142 na kujitolea kuyanunua tena magari ya wateja ambao hawakuridhika. Isitoshe, kitabu hutaja nguvu ya injini yenyewe, ilhali daino hupima kwenye magurudumu baada ya giaboksi na difu kula sehemu yao. Ipo desturi ya kuongeza asilimia 15 ili kuzirudisha farasi zilizopotea njiani. Siipendi, kwa kuwa upotevu huo haufanani kati ya gari na gari, wala kati ya oili baridi na oili ya moto. Namba yenye maana ni tofauti kati ya mkimbio (jaribio la resi yote kwenye daino) wa kwanza na wa mwisho, kwa gari lilelile, daino ileile, siku ileile.

Sasa injini. Kabla hata ya kupiga simu kuomba nafasi, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, betri imejaa, plagi zote zimetolewa, pampu ya mafuta na koili zimekatwa umeme, na mguu uko chini kabisa kwenye resi ili hewa iingie bila kizuizi. Hilo la resi watu hulisahau, wanapata namba ndogo, wanatishika bure. Zungusha kwa starta mpaka mshale uache kupanda, andika, hamia silinda inayofuata. Kiwango chenyewe hutegemea injini na kifaa ulichonacho. La msingi ni silinda zifanane. Tatu zikisoma baa 12 na ya nne ikasoma 9, achana na daino kwanza, tafuta sababu. Tia oili kiasi cha kijiko cha chai kwenye ile silinda dhaifu, upime tena. Namba ikipanda vizuri, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, valvu haikai sawa au gaskiti ya silinda hedi imeungua.

Kipimo cha uvujaji ni bora zaidi ukikipata. Pistoni inawekwa juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, hewa ya kompresa inasukumwa ndani, na wewe unatega sikio. Ukisikia mlio kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Ukiona mapovu kwenye rejeta, ni gaskiti. Uvujaji ulio chini ya asilimia 10 hauna neno, ukipita 20 ahirisha safari. Wenye injini ya rotari, yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni, kama ya Mazda RX-7, watafute kipimo maalumu cha injini hizo: kila rota ina nyuso tatu, na kipimo cha kawaida kitashika namba ya ule uso wenye nguvu kuliko yote na kuficha mingine.

Ukitoka hapo, taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, na hapa ndipo gari la zamani hudanganya kimyakimya. Kompyuta inaweza kuamini kwamba inachoma digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, kumbe cheche halisi inatoka kwenye 6 au 14, kwa sababu kuna siku distribyuta ilifunguliwa na kurudishwa kwa kukisia, au mkanda wa taimingi uliruka jino. Tumia taa ya taimingi na ufuate kitabu cha gari hilo. Kwenye MX-5 za kwanza, kwa mfano, unaunganisha kwa waya tundu za TEN na GND kwenye kisanduku cha uchunguzi ili kompyuta iache kurekebisha, kisha unasoma digrii 10 injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa resi. Hakikisha pia alama ya kwenye puli ya krenkishafti ni ya kweli. Puli nyingi zina tabaka la mpira katikati. Mpira ukizeeka, duara la nje huteleza na alama inahama nalo. Fundi akiongeza digrii mbili juu ya msingi usiojulikana, hajui kama anaongeza nguvu au anakaribisha injini kunoki, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda.

Plagi ziwe mpya, za joto analolitaja mtengenezaji, au hatua moja baridi zaidi kama tabo itaongezwa msukumo. Pengo lipimwe, lisiachwe lilivyotoka kwenye boksi. Koili na waya za plagi zikague gizani kama unaweza, injini ikiwa inanguruma, uone kama kuna cheche zinazokimbilia bodi. Kadiri silinda inavyojaa, ndivyo umeme unavyohitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo. Ndiyo maana gari ambalo barabarani halijawahi kumisi (cheche kukosa kuwasha mafuta) huanza kumisi kwenye daino, resi ikiwa chini kabisa na injini imebeba mzigo kutoka mizunguko 2,500 hadi mwisho wa saa ya mizunguko.

Hewa inayoingia bila kupimwa ni adui wa kila jedwali la mafuta, zile namba za kompyuta zinazopanga kiasi cha mafuta. Magari mengi ya umri huu hupima hewa mwanzoni mwa njia, ama kwa kile kibao kinachosukumwa na upepo, ama kwa waya wa moto. Ufa wowote baada ya hapo unaingiza hewa ambayo kompyuta haina habari nayo, na mchanganyiko unakauka. Uikunje kwa mkono ile mipira mikubwa ya hewa, hasa kwenye mikunjo ya chini isiyoonekana. Mipira ya vakyumu iliyokuwa migumu ibadilishe yote kwa mpigo, ni vitu vya bei ndogo. Mashine ya moshi inamaliza ubishi: moshi unasukumwa kwenye manifoldi na unaona unapotokea. Kwenye gari la tabo fanya kipimo hicho kwa hewa yenye msukumo, kwa sababu klempu inayoshika vizuri kwenye vakyumu inaweza kuachia kwenye baa 0.7.

Ekzosi nayo ina lake. Tundu dogo kabla ya sensa ya oksijeni huvuta hewa ya nje kati ya pigo na pigo, sensa inaona oksijeni nyingi, na fundi anaongeza mafuta ambayo injini haikuyaomba. Na kwa kuwa tuko hapo: sensa ya oksijeni ya zamani hujua jambo moja tu, kwamba mafuta yamezidi au yamepungua kuliko uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1. Kwa nguvu kamili fundi anahitaji sensa ya lamda ya wigo mpana, inayosoma uwiano halisi ukilinganishwa na huo (lamda 1 ni 14.7 kwa 1, chini yake mafuta yamezidi). Mwambie fundi wa kuchomelea akuwekee kitako chake kwenye bomba, kabla ya katalisti (kisafisha moshi), mapema. Kipimo kinachochomekwa mwisho wa ekzosi husoma moshi ambao katalisti imeshaubadilisha.

Mafuta yana hesabu yake, na ni vyema kuielewa kabla ya kubishana kuhusu injekta. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, krenkishafti inazunguka mara 100 kila sekunde, yaani mzunguko mmoja kwa milisekunde 10. Injini ya mipigo minne inahitaji mizunguko miwili kukamilisha kazi, hivyo injekta ina milisekunde 20 za kumwaga mafuta yote ya zamu moja. Mafundi wengi hawapendi ikae wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda huo, yaani milisekunde 17. Sasa panda hadi 7,000: muda wote uliopo umeshuka hadi kama 17. Injekta iliyokuwa na nafasi kidogo sasa iko wazi muda wote, na hakuna namba utakayoiandika kwenye kompyuta itakayoleta tone la ziada. Ukiongeza kwamba injekta za miaka thelathini huwa na uchafu na hazifanani, utaelewa kwa nini kuzipeleka zikasafishwe na kupimwa mtiririko ni jambo la kwanza ninaloshauri watu wenye bajeti ndogo. Silinda moja ikipata mafuta pungufu, sensa inayosoma moshi wa silinda zote kwa pamoja itaonyesha wastani mzuri huku pistoni moja inaungua.

Badilisha filta ya mafuta. Funga geji ya presha na uone kama pampu inashikilia. Kwenye mifumo mingi ya zamani utakuta karibu na baa 3 ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta. Pima pia volti zinazofika kwenye pampu yenyewe, kwa sababu waya nyembamba uliozeeka unaweza kuinyima pampu nzima nguvu yake.

Petroli iwe mpya, na iwe ileile utakayoitumia siku zote. Gari likitengenezwa kwa petroli ya oktani (uwezo wa kuhimili kunoki) ya juu kisha likanyweshwa ya chini, taimingi iliyokuwa salama itakuwa ya kunoki. Linganisha oktani kwa kipimo kimoja: namba ya RON ya Ulaya na namba inayoandikwa kwenye pampu za Marekani hazilingani, kwa kuwa ya Marekani ni wastani wa RON na MON na huwa ndogo kwa petroli ileile. Usije na tenki karibu tupu wala lililojaa pomoni. Nusu na ushee inatosha.

Umeme nitaupita kwa haraka, ingawa ndio unaopoteza saa nyingi za watu. Alteneta itoe kati ya volti 13.8 na 14.4. Eathi zote za injini zifunguliwe, zisuguliwe, zirudishwe. Sensa ya joto la kulanti ilinganishwe na joto halisi, sensa ya resi ipande taratibu bila kuruka unapokanyaga. Kama gari lina taa ya injini inayowaka, shughulikia kosa hilo nyumbani. Kulipa saa ya daino ili mtu akutafutie sensa ya oksijeni iliyokufa ni kuchoma pesa.

Kompyuta yenyewe inastahili kufunguliwa. Magari ya petroli yalilazimika kuwa na OBD-II (mfumo sanifu wa kuichunguza kompyuta ya gari kwa waya) Marekani kuanzia modeli za 1996, na Ulaya mfumo kama huo ulifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ya kabla ya hapo mengi hayana njia ya kuandikwa upya kwa waya: namba zimo kwenye chipu ya kumbukumbu (EPROM) ambayo inabidi itolewe kwa kuyeyusha risasi iliyoishikiza kwenye bodi na kuwekewa soketi, au kompyuta nzima ibadilishwe, au iwekewe kompyuta ndogo ya pembeni inayodanganya sensa. Hii ya mwisho mimi huipa nafasi ya mwisho pia. Soma namba iliyoandikwa kwenye lebo, umpe fundi, umuulize kama amewahi kuifanyia kazi kompyuta hiyo hasa, si modeli ya gari tu. Modeli moja inaweza kuwa na kompyuta mbili au tatu tofauti kwa miaka tofauti. Ukiondoa kifuniko, angalia kapasita, zile silinda ndogo za alumini. Zikianza kuvuja huacha utando wa kahawia kuzunguka miguu yake, hula njia za shaba kwenye bodi, na wakati mwingine unasikia harufu kama ya samaki. Mitsubishi za mwanzo wa miaka ya 1990 zinajulikana sana kwa ugonjwa huu. Kubadilisha kapasita ni kazi ya fundi redio mzuri. Kuandika namba mpya kwenye bodi inayooza ni kazi bure.

Nakala ya programu ya kiwandani ihifadhiwe kabla ya chochote. Gari likiandikwa kwa waya, betri iwe kwenye chaja wakati wote wa uandishi, kwa sababu volti zikianguka katikati unaweza kubaki na kompyuta isiyowasha gari.

Upande wa joto: rejeta, themostati, kifuniko cha rejeta, mipira, feni. Feni ya ukumbi wa daino, hata iwe kubwa vipi, haifikii upepo wa gari linalokwenda kilomita 150 kwa saa, kwa hiyo mfumo unaochemsha kwenye foleni utachemsha hapo. Oili mpya, kiwango sahihi, na usilete gari linalodondosha oili. Tone likiingia kwenye rola tairi linateleza, na kwenye mwendo huo si jambo la mchezo.

Klachi inayoteleza huonekana waziwazi kwenye grafu: mizunguko ya injini inapanda haraka huku kasi ya gurudumu imebaki nyuma. Ijaribu mapema kwa gia ya juu, mwendo mdogo, resi yote. Matairi yawe ya barabarani, mazima, yamejazwa upepo sawasawa. Soma tarakimu nne za ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Gari la spoti la zamani lisilotembea sana mara nyingi lina matairi yenye kashata nzuri na umri wa kutisha. Toa mawe kwenye kashata, kaza nati, na angalia chini ya gari kama kuna mahali imara pa kufungia mikanda, maana kutu ikishakula bodi, ndoano inaweza kuondoka na kipande cha gari.

Gari linaloendesha magurudumu yote manne likapimwe kwenye daino ya magurudumu manne yenye rola zinazokwenda pamoja, la sivyo utaunguza kiunganishi cha katikati. Mfumo wa kuzuia kuteleza uzimwe. Jambo jingine ambalo huwashtua watu: mkimbio hufanywa kwenye gia iliyo karibu na uwiano wa 1 kwa 1, ambayo kwa giaboksi ya gia tano mara nyingi ni ya nne. Magari mengi ya Japani ya soko la ndani yana kizuizi cha kasi kwenye kilomita 180 kwa saa, na kwenye gia ya nne yanaweza kukifikia kabla ya kufika mwisho wa mizunguko. Grafu inakatika ghafla, mtu anadhani pampu imekufa. Mwambie fundi mapema kama lako bado linacho.

Kuhusu kuchagua daino, tafuta yenye breki ya kubeba mzigo. Ile ya rola nzito tupu hupima vizuri mkimbio wa resi yote, lakini fundi hawezi kuishikilia injini kwenye mizunguko 3,000 na resi nusu ili asahihishe kisanduku kimoja cha jedwali, na kwa gari la kutembelea kila siku hapo ndipo unapoishi. Uliza wanatumia sahihisho gani la hali ya hewa. Lile liitwalo SAE J1349 hurudisha namba kwenye joto la nyuzi 25 na shinikizo la hewa la kilopaskali 99. Lile la zamani linaloitwa STD hutoa namba kubwa zaidi kwa takriban asilimia 4 bila injini kubadilika hata chembe. Kwenye gari la tabo sahihisho lolote lichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu tabo yenyewe hufidia sehemu ya upungufu wa hewa.

Makubaliano yawe ya maandishi, hata kama fundi ni rafiki. Nani anabeba gharama injini ikivunjika. Kwa kawaida ni wewe, na ni haki, ila ijulikane. Kama utapewa faili la namba au litafungwa kwa nywila. Kama kurudi kwa marekebisho madogo kumo kwenye bei. Ni kikomo gani hakivukwi: mizunguko, msukumo wa tabo, lamda. Kwa injini isiyo na tabo, lamda ya 0.85 hadi 0.90 kwenye resi yote ni ya kawaida, na yenye tabo hushushwa hadi karibu na 0.80. Kama gari lako hukaguliwa moshi, sema wazi kwamba katalisti na sensa zake zinabaki.

Siku yenyewe fika na kitabu cha gari, plagi za akiba, fyuzi, oili ya kuongezea, na karatasi ya kompresheni uliyoipima. Omba mikimbio mitatu ya mwanzo kabla ya kubadilisha chochote. Mitatu isipofanana kuna kitu bado hakijatulia, na kuendelea ni kukisia. Mwachie fundi kazi yake, ila muulize tangu asubuhi anasikilizaje kunoki. Jibu zuri linataja kipaza sauti kilichofungwa kwenye bloki na vifaa vya masikioni, si sensa ya kiwandani peke yake, ambayo kwenye magari mengine haipo kabisa.

Kurekebisha namba za kuwasha injini ikiwa baridi hakumalizwi siku hiyo, kwa sababu baada ya saa moja injini haina ubaridi tena. Panga urudi nalo asubuhi nyingine, au ulilaze gari pale usiku. Wiki ya kwanza toa plagi uzitazame rangi ya porseleni, kagua kulanti na klempu za mipira, na rekodi data ya safari moja ya kawaida yenye mlima mrefu, umtumie fundi aisome.